Tanga msimu huu wa kaskazi: kupanga Raskazone au Chumbageni, kununua nyumba kuukuu Ngamiani, au kiwanja Kange?

Mgeni_wa_Tanga

Wakuu, heshima kwenu. Mke wangu amehamishiwa Tanga na anatakiwa kuripoti mwanzoni mwa Februari. Kazi yangu mimi haina ofisi, penye intaneti nipo, kwa hiyo tunahama wote kutoka Dodoma na watoto wawili, mmoja yuko darasa la tatu, mwingine ndiyo anaanza awali. Tuna akiba ya milioni 60 na sipendi iyeyukie kwenye kodi za watu.

Wiki iliyopita nilikuja kuzunguka na dalali. Niliyoyaona ni haya.

Kupanga nyumba nzima: Raskazone karibu na bahari, vyumba vitatu, laki sita kwa mwezi. Chumbageni, vyumba vitatu pia ila ya zamani kidogo, laki tatu na nusu. Wote wawili wanataka kodi ya mwaka mzima.

Kununua Ngamiani, kwenye zile barabara za namba: nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati, uani kuna jiko, choo na kisima. Wanataka milioni 65, maongezi yapo. Vyumba vinne vina wapangaji.

Kiwanja Kange, upande wa nyuma ya stendi kuu ya mabasi, mita za mraba 600, naambiwa kimepimwa. Milioni 12. Hapo ningepanga sehemu ya bei ndogo huku najenga taratibu.

Kote nilikopita palikuwa pakavu, pasafi, upepo wa bahari unavuma, nikaona kama kote kunafaa. Ndiyo maana nauliza. Dalali ananiambia nisipolipa ndani ya wiki mbili bei itapanda. Wenyeji mnasemaje? Nipeni ulinganisho wa kweli hata kama ni mchungu. Naomba kuwasilisha.

Dalali_Mstaafu

Karibu Tanga mkuu. Umekuja mwezi ambao mwenye nyumba anacheka na mpangaji analia. Januari shule zinafunguliwa, watumishi waliohamishwa wanaripoti, na kila mmoja anataka nyumba kabla mtoto hajaanza kukosa vipindi. Nyumba yenye uzio, maji ya uhakika na choo cha ndani kwa hapa kwetu inagombewa. Mji nao umekua: sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 ndani ya jiji, ile ya 2022 ikapita 390,000.

Hiyo bei ya Raskazone usiichukue kuwa ndiyo bei ya Tanga. Ni bei ya bomba. Tangu Agosti 2017, Rais Magufuli na Rais Museveni walipoweka jiwe la msingi la bomba la mafuta kule Chongoleani, wenye nyumba wa ukanda ule walijifunza kupangisha kwa kampuni. Kampuni inalipa mwaka mzima bila kubishana, na mtu akishaizoea hela hiyo hamrudii mwalimu au muuguzi kirahisi. Wengine nyumba zimekaa tupu na bado hawashuki, wanasubiri mhandisi mwingine aje.

Sasa angalia kalenda. Ramadhani mwaka huu inaingia katikati ya Februari. Mji huu watu wake wengi wanafunga, na ndani ya mwezi ule hakuna mwenye hamu ya kubeba makabati. Ikitoka Idi, masika hayo yanagonga mlango, hadi Mei. Hapo simu zinageuka: badala ya wewe kumtafuta dalali, dalali anakutafuta wewe. Nyumba iliyokaa tupu tangu Ramadhani, mwenyewe anashuka bei, na kodi ya mwaka inageuka miezi sita, wengine mitatu.

Hiyo sentensi ya "wiki mbili" niliitumia sana enzi zangu. Ipuuze.

Na udalali wa kupangisha ni kodi ya mwezi mmoja, mara moja tu. Akikudai hela ya kukuonyesha kila nyumba, mpe nauli ya bodaboda yaishe.

MamaBaraza

Karibu mwanangu. Ngamiani ndiko nilikozaliwa na ndiko niliko, kwa hiyo nitakwambia mazuri na mabaya yake.

Kwanza joto. Joto la Tanga si la mchana, mchana kila mtu anavumilia. Joto la Tanga ni saa nne usiku, pale ukuta unapotema ulichokunywa kutwa nzima. Hizo nyumba umeziona asubuhi na dalali, kazione tena usiku. Hizi nyumba mpya wanaweka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo ukilifungua lote linafunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo kimekaa pale pale. Juu dari ya jipsamu imeshuka chini. Upepo uko nje unavuma, wewe uko ndani na feni inakuzungushia joto lako mwenyewe. Ukiweka kiyoyozi, LUKU utaijua.

Nyumba ya Kiswahili iliyojengwa na mtu aliyejua, mlango wa mbele na wa uani vinatazamana. Ukifungua vyote viwili saa ya magharibi, kaskazi inapita korido nzima. Mkeka unatandikwa barazani na watoto wanalala hapo hapo mpaka wabebwe. Hilo siwezi kukuficha, ni raha.

Lakini hiyo milioni 65 anapewa nani? Nyumba za umri huo huku kwetu karibu zote ni za urithi. Bibi kafa, watoto na wajukuu wametawanyika, anayeuza ni mmoja. Uliza nani anakusanya kodi ya vile vyumba vinne, utajiwe mtu kwa jina lake. Ukijibiwa "familia", bado hujajibiwa. Halafu wapangaji wenyewe waulize pembeni wamelipa mpaka lini. Aliyekwishalipa mwaka kwa mwenye nyumba wa zamani humtoi kesho, na hela yake wewe huioni.

Jambo jingine, ipite ile barabara kwa miguu uangalie vizingiti. Kama nyumba za jirani zina tuta la saruji mlangoni, fahamu maji yanapita hapo. Hakuna anayejijengea tuta la kujikwaa nalo kila siku kwa kupenda.

Fundi_Zege

Mama kanitangulia kwenye matuta. Naongezea ya ukutani, maana kiangazi kinaisitiri nyumba mbovu. Bati lenye tundu halivuji, shimo la choo halifuriki, uwanja hauna tope.

Ukiingia chumbani tazama rangi mpya inapoishia. Ukikuta plasta mpya au rangi mpya toka sakafuni hadi usawa wa goti, juu yake ya zamani, maji yameshaingia humo. Kisha pitisha kiganja chini ya ukuta. Ukipata unga mweupe, huo ni chumvi. Nyumba nyingi za zamani hapa mjini zilijengwa kwa mchanga wa karibu na bahari au kwa maji ya kisima cha chumvi, na msingini hakuna kilichowekwa kuzuia unyevu usipande. Unyevu unapanda na chumvi, ukuta ukikauka chumvi inabaki nje na plasta inapukutika. Kuipaka rangi ni kupoteza hela, inabanduka tena. Inatakiwa plasta itolewe yote, ukuta uachwe ukauke, ndipo upige upya. Kwa bahati nzuri msimu huu wa ukavu ndio huo unga unaonekana waziwazi, masika ukuta ukiwa umelowa hutauona.

Panda darini na tochi. Gonga kenchi kwa nyundo ndogo usikie, mbao iliyoliwa na mchwa mlio wake ni mtupu. Bati la huku pwani linaanza kuliwa kwenye misumari, kwa hiyo usiridhike kulitazama ukiwa chini. Juu ya milango na madirisha tazama lenta: ukiona ufa mrefu unaofuata mstari wa nondo na kutu imechuruzika, nondo zimevimba ndani na zege litaanguka vipande vipande. Nyaya za umeme za zamani uzihesabu kuwa hazipo.

Kwa nyumba ya aina hiyo mimi huwaambia wateja wangu watenge theluthi ya bei kwa matengenezo kabla hawajaweka godoro. Wewe una 60 na nyumba ni 65. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe.

Kange sasa. Tanga kujenga kuna nafuu: saruji inatoka Pongwe hapa hapa, chokaa na kokoto haviko mbali. Shida ni mwamba. Upande wa Maweni kuja Kange hadi Pongwe chini kuna mawe ya chokaa, ndugu wa yale ya mapango ya Amboni, na ndiyo kiwanda cha saruji kinayachimba. Msingi utaupata mgumu, hiyo ni heri. Shimo la choo utalilipia futi kwa futi. Kabla ya kutoa hata shilingi, waulize majirani wa kiwanja mashimo yao yaligonga jiwe kwenye futi ya ngapi.

Na ukianza kujenga msimu huu, zege linataka maji. Jamvi likimwagwa kwenye jua hili bila kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa wiki nzima, linapasuka. Kila fundi anajua hilo. Wanaolifanya wakati mwenye nyumba yuko Dodoma ni wachache.

PwaniKwetu

Naona mnamtisha mgeni wetu. Mkuu, hawa wote watakwambia subiri, subiri, na ndivyo walivyosubiri wenyewe ardhi ya Chongoleani ikapanda wakiiangalia. Bandari imetumia zaidi ya bilioni 400 kuongezwa kina na gati, meli kubwa zinafunga gatini badala ya kushushia mizigo kwenye matishari. Barabara ya Tanga, Pangani hadi Bagamoyo inajengwa. Bomba lina kilomita 1,443 na mwisho wake ni hapa. Unafikiri milioni 12 ya Kange itakuwa milioni 12 mwakani?

Ushauri wangu: achana na nyumba kuukuu, achana hata na Kange. Nenda Mwambani au Chongoleani uchukue cha ufukweni, hatua chache toka majini, ukae nacho. Kulala utapanga popote.

Karani_wa_Ardhi

Ndugu PwaniKwetu, ungemalizia na hili: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 toka ufukweni ambazo hazitakiwi shughuli za kudumu. Hicho cha hatua chache toka majini mtu anaweza kukilipia chote akaruhusiwa kujenga kipande, au asiruhusiwe kabisa.

Mgeni, nianze na Ngamiani. Kama mmiliki aliyeandikwa ni marehemu, mwenye uwezo wa kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa hana uwezo huo, wala muhtasari wa kikao cha familia. Omba barua ya uteuzi, chukua namba ya shauri, nenda mahakama yenyewe uhakiki. Kama mmiliki yuko hai na ana mwenza, unahitaji ridhaa ya mwenza kwa maandishi hata kama jina lake halimo kwenye hati. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinailinda nyumba ya wanandoa isiuzwe na mmoja peke yake, na kesi za namna hii mahakamani hazikauki.

Kuna na suala la muda. Hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99. Nyumba ya zamani inaweza kuwa na hati iliyobakiwa na miaka michache, au iliyokwisha kabisa na watu wanaishi tu. Hilo utalijua kwenye upekuzi wa ofisi ya ardhi ya mkoa. Unaomba, unalipia kwa namba ya malipo, unajibiwa kwa maandishi mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki au hakuna, kuna mtu ameweka zuio au hakuna. Deni la kodi ya pango la ardhi uliulize hapo hapo, uhamisho haupiti nalo.

Gharama za uhamisho: ushuru wa stempu ni asilimia 1. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida, au asilimia 3 ya thamani kwa asiye na kumbukumbu za gharama zake, utaratibu ulioletwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Wauzaji wanakusukumia hiyo kwa kauli moja tamu, "gharama zote za uhamisho ni za mnunuzi". Mkataba uandike kwa majina nani analipa nini. Na ile asilimia 10 ambayo baadhi ya viongozi wa mitaa huidai wakishuhudia mauzo, hiyo si kodi.

Ukifikiria mkopo wa kujazia, ujue riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 15 na 19 kwa taarifa za Benki Kuu. Kwa nyumba yenye mirathi isiyofunguliwa hakuna benki itakayokusikiliza hata hivyo.

Mwalimu_Kange

Mimi naishi Kange, nimepanga nusu ya nyumba kwa laki moja na nusu. Nikueleze hali ya kila siku, maana hawa wakubwa wamezungumzia ardhi na kuta tu.

Kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Barabara kuu ina lami, lakini ukiingia ndani Aprili bodaboda anasimama mahali anakwambia "mwalimu, shukia hapa", na kilichobaki unatembea na viatu mkononi. Mkeo akiwa anafanya kazi hospitali ya Bombo au ofisi za mkoa, atahitaji daladala hadi mjini kisha bajaji au miguu. Akiwa na zamu za usiku, hilo lizungumzeni kabla ya kuzungumzia kiwanja. Basi za alfajiri nazo zina honi.

Maji ya bomba Tanga hayasumbui sana ukilinganisha na huko utokako. Yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na mamlaka ya maji iliuza hatifungani ya kijani ya bilioni 53 mwaka 2024 ili kupanua huduma. Ila muuzaji akikwambia "maji yapo Kange", muulize kama bomba limefika kwenye kiwanja chako, na mpaka lilipo ni mita ngapi. Mita hizo unazilipia wewe. Kile kisima cha Ngamiani nacho kionje sasa hivi, mwisho wa kiangazi ndipo chumvi inapozidi.

La mwisho, LUKU. Kodi ya jengo inakatwa humo, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayedaiwa ni mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mpangaji. Hela ni ndogo, lakini mimi niliiweka kwenye mkataba kwamba inatolewa kwenye kodi, na mwenye nyumba wangu alinuna wiki nzima.

Mgeni_wa_Tanga

Shikamoo mama, na asanteni wote. Jumamosi nilirudi, nikazipitia usiku kama nilivyoelekezwa.

Ngamiani: matuta yapo, karibu kila mlango wa upande ule wa barabara. Ya jirani wa mkono wa kulia yamejengwa mara mbili, la juu jipya. Kwenye vyumba viwili vya nyuma nilipata ule unga mweupe, mpaka kwenye suruali. Mmiliki alifariki, watoto wanne, mmoja yuko Muscat, na mirathi haijafunguliwa. Anayeuza ni wa pili. Aliniambia wa Muscat "ameridhia kwa simu".

Raskazone: hali ni ile ile ya madirisha. Saa tatu usiku sebuleni tulikuwa tunajipepea kwa kadi za dalali.

Chumbageni imenishangaza. Ni nyumba ya zamani, kuta nene, madirisha ya mbao ya kufungua pande zote mbili, na uani kuna mwembe mkubwa unaofunika paa la upande wa magharibi. Ndani palikuwa na nafuu ya wazi. Mwenye nyumba ni mama mstaafu anayeishi nyumba ya pili ndani ya uzio huo huo. Ameshuka hadi laki tatu, ila anashikilia mwaka.

Limezuka na la nne. Kuna mtu ana fleti ya Shirika la Nyumba mjini katikati, kodi ya shirika ni ndogo, anataka nimpe kilemba cha milioni tano aniachie ufunguo. Juu kwenye ghorofa, upepo mzuri, madirisha makubwa. Mnaionaje?

Dalali_Mstaafu

La kilemba liache lipite. Mpangaji wa shirika haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine, mkataba wake unamkataza. Siku wakikagua, jina lililoko kwenye mkataba si lako, unatolewa wewe na milioni tano yako haina risiti. Utamshtaki kwa kosa ambalo mlilitenda wawili?

Chumbageni ndiyo nyumba. Mwambie mama wa watu utalipa miezi sita, na umwonyeshe hela ya miezi sita ikiwa tayari, si maneno. Mstaafu anayeishi uzio mmoja na mpangaji wake anaogopa mpangaji mkorofi kuliko anavyopenda hela ya mwaka. Nenda na mkeo na watoto. Usiende na dalali.

MamaBaraza

Marahaba mwanangu. Zile nyumba za Msajili wa Majumba ninazijua toka zilipotaifishwa 1971, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja wakati ule, mpaka shirika lilipozichukua mwaka 1990. Ujenzi wake safi, dari juu, upepo unaingia mbele unatokea nyuma. Ukipata moja kwa kuomba kihalali shirikani ukae na ushukuru. Kwa kilemba hapana.

Hiyo ya Ngamiani ninadhani nimeijua kwa hizo habari za mtoto wa Muscat. Sitasema zaidi ya hapo, ni majirani. Ila usitoe hata arubuni.

Karani_wa_Ardhi

Ridhaa ya simu haina kazi. Mrithi aliye Muscat hata akikubali kweli, kukubali kwake kuje kwa maandishi yaliyothibitishwa, na ubalozi wetu upo kule kwa kazi hiyo. Lakini kabla ya hapo lazima msimamizi ateuliwe. Mahakama hutoa tangazo, muda wa kupinga unapita, ndipo uteuzi. Hiyo nyumba haiuziki msimu huu hata wote wanne wakiwa wanapendana.

PwaniKwetu

Sawa, Ngamiani mmeiua, hata mimi sikuitaka. Lakini mbona mnapiga hesabu ya upande mmoja? Miezi sita Chumbageni ni milioni moja na laki nane imeondoka hairudi. Wakati huo kiwanja cha Kange kitauzwa kwa mwingine, naye atatafuta kingine kwa milioni 15. Kusubiri nako kuna bei yake, na hamjaiandika.

Fundi_Zege

Hapo nakubaliana na PwaniKwetu nusu. Mgeni ameyapanga haya kama mambo matatu ya kuchagua moja, wakati kupanga Chumbageni na kununua Kange havigombani. Atalala mahali wakati wowote ule. Swali lililobaki ni kama kile kiwanja kinunuliwe sasa au baada ya kukiona kimenyeshewa.

Mimi ningekiona kimenyeshewa kwanza. Mita 600 zikiwa bondeni, msingi peke yake utakula kifusi cha kutosha kununua kiwanja kingine kidogo. Waliopitia mvua za El Niño za mwisho wa 2023 wanajua mifereji ya maji iko wapi, hata kama leo imeota majani. Kama hutaki kusubiri, nenda ukatafute makalvati barabarani na ufuate maji yanaelekea wapi yakitoka hapo. Angalia majirani wameinua misingi tofali ngapi. Nyumba tatu za karibu zote zikiwa na ngazi nne za kupandia, hawakuzijenga kwa urembo.

Mwalimu_Kange

Nitajie tu ni upande gani wa reli na shule gani iko karibu, nitapita jioni nikirudi. Nina picha za Aprili iliyopita za mitaa miwili mitatu huku, tulikuwa tunazituma kwenye kundi la wazazi kuulizana watoto wapite wapi.

Mgeni_wa_Tanga

Mwalimu nimekutumia faragha.

Mama wa Chumbageni tumekubaliana leo: miezi sita, laki tatu, na kodi ya jengo inatolewa kwenye kodi ya nyumba. Hilo la mwisho lilimchekesha, akauliza nimefundishwa na nani. Tunahamia mwisho wa mwezi kabla ya Ramadhani.

Kange bado moyo unanivuta. Muuzaji anasema hana hati, ana barua ya toleo (ile ofa ya kumilikishwa kiwanja inayotangulia hati), na jina lililomo ni la aliyemuuzia yeye. Anataka nusu sasa, nusu "mambo yakikamilika". Karani, hiyo ikoje?

PwaniKwetu

Barua ya toleo ni nyaraka halali kaka, watu wengi wananunua hivyo hivyo.

Karani_wa_Ardhi

Ni halali kwa mtu aliyeandikwa humo. Huyo anayekuuzia hajaandikwa popote, kwa hiyo aliyemuuzia yeye lazima apatikane na aje kusaini, akiwa na mwenza wake kama anaye. Muulize muuzaji mambo matatu: yule mtu yuko wapi leo, mkataba wao wa mauziano ulishuhudiwa na wakili gani, na masharti ya toleo yalilipwa yote au bado. Usitoe nusu. Kama anataka kuonyeshwa nia, mwambie utalipia upekuzi na mpimaji wa kukuonyesha bikoni nne, zile alama za mipaka, mahali zilipo, gharama hizo ziko juu yako na risiti zina jina lako.

Akikupa nakala ya barua ya toleo, usiiweke hapa jukwaani, ina majina ya watu. Nitumie namba ya kiwanja na kitalu tu, nikwambie uanzie dirisha lipi.